Kwa mdogo wangu, aliyeambiwa mtoto wake ana CMV

Mdogo wangu,

Uliponipigia simu uliniuliza, "Dada, huyu mtoto atakuwa mtu wa aina gani?" Nikakuambia nitakujibu kwa maandishi, kwa sababu jibu lake ni refu, na mtu ambaye hajalala usiku kucha husikia nusu tu ya anachoambiwa. Umeniruhusu niliweke hapa hadharani bila jina lako wala la mtoto, maana humu Nairobi wamo akina mama wengine wenye swali hilohilo na hawana dada wa kumpigia.

Najua umeshapewa majibu mawili. La kwanza ulipewa na daktari aliyesimama koridoni, jicho moja kwenye simu yake: picha ya ubongo ina madoa, msitarajie mengi. La pili umelipata kwa shangazi, kwa watu wa kanisani na kwa mama wa nyumba ya pili: atakuwa sawa tu, watoto hukua, usiwasikilize hao madaktari. Nakuomba uyakatae yote mawili. Yanatofautiana kwa maneno, lakini yote yanafunga jambo ambalo ndiyo kwanza linaanza. Mtoto aliyezaliwa na CMV, kirusi nitakachokueleza hapa chini, hajulikani kwa picha ya wiki ya pili. Anajulikana kwa kufuatiliwa mwaka hadi mwaka, na kazi hiyo ya kumfuatilia ndiyo nataka tuipange.

Lakini kwanza tulimalize hili la mama mkwe, kwa sababu limekuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Alisikia mtoto ana virusi, akafikiria UKIMWI, kisha akakuuliza mbele ya watu umevitoa wapi. Hivi ndivyo ilivyo. Kirusi hiki kinaitwa saitomegalovirasi, kwa kifupi CMV, na ni cha ukoo mmoja na vile vinavyoleta tetekuwanga na vidonda vya homa vya midomoni. Kikiingia mwilini hakitoki, kinalala na kuamka maisha yote. Katika nchi kama yetu karibu watu wazima wote wanacho, na wengi walikipata wakiwa wadogo kabisa, kwa maziwa ya mama na kwa mate na mikojo ya watoto wenzao. Mama mkwe mwenyewe yamkini anacho. Mimi pia. Mtu mwenye afya njema hahisi kitu, au hupata homa ndogo akadhani ni mafua.

Taabu huja kinapovuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni. Mama akiambukizwa mara ya kwanza wakati wa mimba, hatari ya kumpitishia mtoto ni kama theluthi moja, na kikimfika katika miezi mitatu ya mwanzo, wakati ubongo na masikio vinaumbwa, madhara huwa makubwa zaidi. Mama aliyekuwa nacho tangu zamani ana hatari ndogo sana ya kukipitisha, lakini kinaweza kuamka tena, au akapata aina nyingine ya kirusi hichohicho. Na kwa kuwa huku kwetu karibu kila mama anacho tayari, wengi wa watoto wetu wanaozaliwa na CMV ni wa akina mama hao. Ulikuwa na mtoto wa miaka miwili nyumbani, anayeshinda kwa mlezi na watoto wenzake. Ulimbusu, ukamfuta kamasi, ukamaliza uji aliouacha kwenye kikombe. Kila mama wa mtaa huu amefanya hivyo leo asubuhi. Hakuna mtu aliyekuonya, kwa sababu kliniki zetu hazilitaji jambo hili kwa wajawazito. Sitaki kusikia tena ukisema ulimfanyia mwanao vibaya.

Sasa nikujibu. Kwa kila watoto 100 wanaozaliwa na maambukizi haya, 85 au 90 hawaonyeshi dalili yoyote. Wanaenda nyumbani wakiwa wamefungwa shuka kama wengine. Wanaobaki, 10 hadi 15, ndio huzaliwa na alama: uzito mdogo, vidoa vyekundu vya damu chini ya ngozi, manjano, ini na wengu vilivyovimba, kichwa kidogo, na wakati mwingine punje za chokaa ndani ya ubongo, ambazo ndizo zile za kwenye picha yenu. Ukiwachukua wote, wenye dalili na wasio nazo, mmoja hivi kati ya watano ndiye atakayebaki na tatizo la kudumu. Mtoto wako yuko katika lile kundi dogo la wenye dalili, sitakuficha hilo. Katika kundi hilo, kama nusu hubaki na shida ya kudumu: kutosikia, utindio wa ubongo, kifafa, kuchelewa kiakili, macho. Nusu nyingine hawabaki nayo.

Punje za chokaa zinaongeza uwezekano wa kuwa katika nusu ile ya kwanza. Picha haiwezi kukuambia zaidi ya hapo. Haisemi kama atatembea akiwa na mwaka mmoja au mitatu, haisemi kama atapenda hesabu, haisemi kama atakuita mama kwa mdomo au kwa mikono. Daktari aliyekuambia msitarajie mengi aliongeza neno ambalo picha haikuwa nalo. Naye shangazi anayesema atakuwa sawa anakutakia mema, nampenda sana, lakini ukimfuata yeye utaacha kurudi kliniki. Nimeona neno lake likileta hasara kubwa kuliko la daktari, nami nitakueleza ilivyokuwa.

Unajua nimefundisha viziwi hapa Nairobi karibu maisha yangu yote ya kazi. Wanafunzi wangu wengi hawakuzaliwa katika nyumba za viziwi, na wengi waliletwa wamechelewa. Namkumbuka msichana aliyekuja akiwa na miaka saba. Mama yake aliniapia kwamba mtoto alikuwa akisikia: alikuwa akigeuka akiitwa, akicheza redio ikipigwa, hata maneno machache alikuwa ameanza kuyatamka. Kisha maneno yakakoma. Nyumbani wakasema ni mkaidi. Shule ya chekechea ikasema hana akili. Alipigwa kwa kutotii amri ambazo hakuzisikia. Alipofika kwangu hakuwa na lugha yoyote, ya kusema wala ya alama. Alikuwa anaonyesha vitu kwa kidole na kulia. Hakuna aliyejua masikio yaliharibika kwa nini, na kwa umri ule hata tungempima CMV kipimo kisingetuambia alizaliwa nayo au aliipata baadaye kama watoto wote.

Namtaja kwa sababu CMV ina tabia hiyohiyo. Kutosikia kunakotokana nayo si lazima kuwepo siku ya kuzaliwa. Kunaweza kuja mwaka wa kwanza, wa pili, wa nne. Kunaweza kuanza sikio moja kisha kuhamia la pili, au kuwa kadogo kakaongezeka kidogo kidogo. Hata wale wasio na dalili zozote wakati wa kuzaliwa, 10 hadi 15 katika kila 100 hupoteza uwezo wa kusikia kwa kiwango fulani wanavyokua. Kwa hiyo cheti cha hospitali kinachosema mtoto amepita kipimo cha masikio kinasema kweli kwa siku hiyo tu. Mtoto wako alipita sikio moja na kufeli la pili. Watu watakuambia moja linatosha. Kwa mtoto mwingine labda ningenyamaza, lakini kwa mtoto mwenye CMV lile sikio zima ndilo la kulilinda na kulipima kuliko kitu chochote.

Omba kile kipimo cha ABR, ambacho mtoto hubandikwa vigusio vidogo kichwani akiwa usingizini, na mashine ikasoma kama sauti inasafiri kupitia mshipa wa kusikia hadi kwenye shina la ubongo. Kile kingine kifupi cha kutia kizibo sikioni ni kizuri kwa kuanzia, lakini kinapima sikio la ndani tu. Kisha arudi kupimwa kila miezi sita au hata mapema zaidi katika miaka ya mwanzo, na baadaye kila mwaka hadi aingie shule na kuendelea. Ukiona kati ya tarehe mbili ameacha kushtuka au ameacha sauti alizokuwa akizitoa, usisubiri tarehe. Nenda.

Ikionekana anahitaji vifaa vya kusikia, avae. Lengo la wataalamu duniani ni mtoto apimwe kabla ya mwezi mmoja, ithibitishwe kabla ya miezi mitatu, na asaidiwe kabla ya miezi sita. Ikiwa baadaye masikio yote mawili yatazidiwa hata na vifaa, kuna kipandikizi cha koklea, kifaa cha kusikia kinachowekwa ndani ya sikio kwa upasuaji ambao umefanywa hapahapa Nairobi, ila gharama yake ni nzito na mazoezi ya usemi baada yake ni ya miaka.

Na jambo ninalokusisitizia kama mwalimu: anza Lugha ya Alama ya Kenya sasa. Wewe, mume wako, na kakake. Usingoje ajulikane kuwa kiziwi kwanza. Utaambiwa alama zitamfanya asiongee. Nimeishi na watoto hawa, na ninaona kinyume chake: mtoto mwenye lugha ya kwanza, iwe ya mkono au ya mdomo, ndiye anayeipata ya pili kwa urahisi. Kinachomlemaza ni kukosa lugha kabisa katika miaka ambayo ubongo unaitafuta. Katiba yetu ya 2010 imeitambua lugha hii, bungeni inatumika, na wewe huna sababu ya kuionea haya ndani ya matatu. Kama atasikia vizuri hadi uzeeni, atakuwa amejua lugha moja zaidi. Hasara iko wapi?

Turudi nyuma kidogo. Hujui jinsi mlivyobahatika na yule muuguzi aliyeona vidoa kwenye ngozi na kusisitiza mkojo upimwe. CMV ya tangu tumboni lazima ithibitishwe ndani ya siku 21 za kwanza, kwa kipimo cha PCR, kinachotafuta chembechembe za urithi za kirusi, cha mkojo au mate. Ikipita hapo, kirusi kikionekana huwezi kusema kilitoka tumboni au kwenye maziwa. Mate yenyewe yanaweza kudanganya kama mtoto ametoka kunyonya, ndiyo maana waliupendelea mkojo. Jimbo la Minnesota huko Marekani lilianza mwaka 2023 kupima kila mtoto anayezaliwa. Hapa kwetu kipimo hicho si cha kawaida, na kwa hiyo akina mama wengi wanatoka wodini wakiwa na mtoto mwenye CMV bila habari. Hili linanikasirisha, na nitaendelea kulisema popote nitakaposikilizwa. Rubela, ambayo nayo hupenya hadi tumboni na kuharibu macho, moyo na masikio, angalau ina chanjo, na Kenya iliiunganisha na ya surua mwaka 2016. CMV bado haina.

Kuhusu dawa ya kupambana na kirusi mliyoanzishiwa, valgansiklovia: endelea nayo kama ulivyoelekezwa, mara mbili kwa siku kwa miezi sita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha watoto wenye dalili waliopewa kwa wiki sita na waliopewa kwa miezi sita, wote wakiwa wameanza ndani ya mwezi wa kwanza. Wale wa miezi sita walisikia vizuri zaidi kidogo na lugha yao ilikuwa mbele walipofika miaka miwili. Tofauti haikuwa kubwa, na dawa hairudishi kilichokwisha kuharibika. Lakini kwa mtoto ambaye sikio lake moja bado ni zima, hiyo kidogo naitaka. Dawa hiyo hushusha chembe nyeupe za damu, ndiyo sababu wanamchoma kila mara kupima. Najua unalia akichomwa. Usiruke hata siku moja ya kupima, na akipata homa usimpe dawa ya dukani ukalala, mpeleke.

Mwili sasa. Mtoto wa kawaida hukaa bila kushikwa kufikia miezi tisa hivi, na hutembea peke yake kufikia miezi kumi na minane. Wako huenda akachelewa. Kunazo sababu mbili tofauti, na watu huzichanganya. Moja ni misuli: akikakamaa miguu, akikunja ngumi muda wote, akitumia upande mmoja tu, hiyo inaweza kuwa dalili ya utindio wa ubongo, na tiba ya viungo inapaswa kuanza mara moja, kabla hata ya kupewa jina la ugonjwa. Nyingine ni ule mtambo wa mizani uliomo ndani ya sikio, jirani kabisa na ule wa kusikia, ambao CMV huuharibu pia. Mtoto wa namna hiyo huchelewa kushika shingo, kukaa na kutembea, huanguka gizani, lakini akili yake haina tatizo. Nimewaona wakiitwa wajinga kwa sababu walitambaa hadi miaka miwili. Usikubali miguu yake itumike kupima kichwa chake.

Macho yakaguliwe pia na daktari wa macho, ndani kabisa kwenye retina, na yarudiwe. Kifafa kikija utakijua, au utaona mishtuko midogo ya kujikunja ghafla mara nyingi mfululizo. Irekodi kwa simu umwonyeshe daktari, video itamsaidia kuliko maelezo.

Kuna habari moja njema ninayotaka uishike, ingawa inahusu zaidi watoto wasio na dalili. Huko Houston waliwafuata watoto wa aina hiyo hadi miaka 18. Wale ambao masikio yao yalikuwa mazima walipofika miaka miwili hawakuachwa nyuma na wenzao kwa akili wala kwa masomo. Waliopungukiwa msamiati walikuwa wale waliopoteza kusikia. Hata mtoto wako akiwa si wa kundi hilo, ona jinsi sikio na lugha vinavyobeba mambo mengine. Ndiyo maana nimekuandikia kurasa za masikio na mistari ya mengine.

Mambo ya nyumbani. Endelea kumnyonyesha, kirusi kwenye maziwa hakitamwongezea chochote. Atakuwa akikitoa kwenye mkojo na mate kwa miaka, lakini ndivyo walivyo watoto wengi wadogo wa mtaa mzima, kwa hiyo asifichwe wala asitengwe, na mlezi asimkatae. Jirani mjamzito anawe mikono kwa sabuni baada ya kubadilisha nepi ya mtoto yeyote, asile kijiko kimoja na mtoto, na akitaka kubusu abusu paji la uso. Wewe nawe ufanye hivyohivyo mimba ijayo, na huyo kijana wako mkubwa.

Mwandikishe katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu iwapo tathmini itaonyesha hivyo. Baba yake anasita kwa sababu ya neno ulemavu, mwambie ni kadi ya kumfungulia mtoto milango. Kuhusu gharama, bima ya afya ya serikali, SHA, ilichukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, mwezi Oktoba 2024, na mambo yake bado yanabadilika, kwa hiyo kabla ya kila kipimo uliza kwa maandishi wanalipa nini na ninyi mtalipa nini. Akikua kidogo tutampeleka KISE, taasisi ya elimu maalumu ya Kenya, pale Kasarani wamfanyie tathmini kamili, masikio, mwili, akili na lugha kwa pamoja, badala ya kumzungusha mji mzima.

Nunua daftari la kurasa nyingi. Kila kipimo, kila tarehe, kila jambo jipya alilofanya. Daktari atabadilika, faili litapotea, nimeliona hilo mara nyingi mno. Daftari ndilo litakaloeleza historia yake, na humo ndimo utakapoliona jibu la swali lako likijiandika, kidogo mwaka huu, kidogo mwaka ujao.

Kwa kipimo cha mwezi ujao nitaomba ruhusa shuleni. Tukutane steji ya Roysambu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla foleni ya Thika Road haijafunga. Usimnyonyeshe njiani akashiba akalala, tunamtaka alale tukifika. Uje na kakake, nitakaa naye nje wewe na baba yao mkiwa ndani. Na wakikuambia jambo usilolielewa, waambie warudie, mara ya pili na ya tatu, hadi uweze kuliandika kwenye daftari kwa maneno yako mwenyewe.

Dada yako